Hapana ya Kwanza

Fort Worth, Texas
9 Septemba 2018

Mama mpenzi,

Shikamoo. U hali gani? Goti linaendeleaje, na yule daktari kijana ameacha kukukataza siagi? Sisi huku wazima, ila tunaiva. Saa mbili asubuhi joto limeshafika pale ambapo kwetu tungefunga shule. Britt ameanza darasa la nne, na siku ya kwanza tu amerudi akimwita kila mtu "bwana" na "bibi", hata mimi. Dale anakusalimu sana. Amekuja na kila chombo chake cha kuvulia samaki kwenye barafu, hata ile keekee ndefu ya kutobolea barafu ya ziwa, na majirani wakipita wanasimama kuitazama. Mmoja amemuuliza kama anatafuta mafuta.

Naandika kwa sababu Jumapili kwenye simu mimi na wewe huongea hali ya hewa tu, halafu tunaagana dakika ishirini. Karatasi haina haya.

Ofisi ni mpya, ghorofa tisa, vioo vitupu. Siku ya kuifungua mkurugenzi wetu Bwana Maddox alisimama na kofia yake pana, akasema kampuni ya Nordahl imesaga ngano Minnesota miaka mia na kumi, na miaka yote hiyo jimbo nalo limekuwa likiisaga Nordahl kwa kodi. Watu wakapiga miluzi. Akasema Texas humpokea mfanyabiashara mlangoni, haimpekui mifuko. Nilipiga makofi, Mama, nisikudanganye. Mshahara wa kwanza uliingia bila kukatwa kodi ya mapato ya jimbo, nikamwamsha Dale kumwonyesha. Lakini nilipogeuka siku ile kutafuta mtu wa kukonyezana naye, sikuona sura ninayoijua. Makao makuu tulikuwa watu mia tatu na arobaini. Tumekuja thelathini na mmoja.

Unajua kwa nini? Mwezi wa nne Bwana Maddox aliwaita mmoja mmoja ofisini akawauliza, "Utakuja nasi Texas?" Na watu wetu wakajibu walivyolelewa: "Aa, usijisumbue na mimi, wapo wengine." Wakarudi kwenye meza zao wakangoja kuitwa mara ya pili, wakatae tena kidogo, halafu mara ya tatu wakubali kama watu wenye adabu. Hakuna aliyeitwa. Yeye ni mtu wa huku, akiambiwa hapana anaandika hapana. Maskini Gerhard wa ununuzi wa ngano alikuwa ameshauza boti yake! Mimi nilipona kwa sababu nilikuwa likizo, nikatumiwa fomu. Fomu haimbembelezi mtu. Unaweka alama, basi.

Sasa jambo lenyewe. Nyumba yetu ina chumba cha nne. Kinatazama bustani, kina bafu lake. Tangu Baba atutoke uko peke yako, na msimu wa theluji ndio huo unakuja. Njoo ukae nasi, Mama. Tutafurahi sana.

Mwanao,
Maren

*

Faribault, Minnesota
20 Septemba 2018

Mwanangu Maren,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Mimi sijambo. Goti linajua mvua kabla ya redio. Siagi sijaipunguza. Majani yameanza kugeuka, na asubuhi ni nyuzi nne, hali nzuri tu.

Jumanne nilipita makao makuu nikienda kwa daktari wa meno. Maegesho yale niliyogombania nafasi miaka thelathini na moja sasa ni ya bata-bukini. Walikuwa wamejipanga kwenye nafasi ya mkurugenzi kama wanangoja mkutano. Jikoni kwangu mapazia yameshushwa. Najua ni kantini ya kampuni, na mimi nilistaafu zamani, lakini bado naita jikoni kwangu. Gerhard namwona kanisani. Habari ya boti haitaji, nasi hatumuulizi.

Kuhusu kodi sibishani na Bwana Maddox. Yeye mkurugenzi, mimi mpishi. Ila mwambie kodi hiyo ndiyo inayoondoa theluji barabarani kwangu kabla sijaamka, wala sijawahi kuwaona wanaoiondoa. Siku ikikosekana ndipo atajua ilikuwa inalipia nini.

Kuhusu chumba, ahsanteni sana, lakini msijisumbue. Mimi hapa niko sawa. Mzee akihamia kwa watu huwa mzigo. Chumba hicho hamtakosa cha kukifanyia. Na Texas ni mbali, tena sina nguo za joto kali, ingawa jirani yangu Ardis anasema zimepunguzwa bei dukani wakati huu.

Nibusie Britt.

Mamako

*

Fort Worth
14 Oktoba 2018

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Sisi wote wazima, Britt ana mafua kidogo ya kiyoyozi.

Ahsante kwa kusema wazi kuhusu chumba. Dale alitaka nikuandikie tena, nikamwambia mwache, Mama ameshasema anapenda kwake, tusimsumbue. Nimejifunza huku kuheshimu neno la mtu. Nimejifunza kwa uchungu, ngoja nikusimulie. Wiki ya kwanza jirani yetu Wynona alibisha hodi na sinia la nyama ya ng'ombe, imebanikwa kwa moshi tangu usiku, harufu yake ilifika kabla yake. "Shoga, nimewaletea!" Nikasema, "Oo, ahsante, lakini tumeshakula." Unajua alifanya nini? Alisema, "Haya, siku nyingine," akageuka na sinia lake! Dale alisimama dirishani akiisindikiza ile nyama kwa macho mpaka mlango wa jirani ukafungwa.

Tangu hapo nikikaribishwa nasema ndiyo kabla mtu hajamaliza. Mwanzoni niliona haya, nilijiona kama mlafi. Sasa nimezoea. Ni raha, Mama, hujui. Unaulizwa, unajibu, unakula.

Chumba kile Dale amekijaza vyombo vyake vya barafu. Na kodi uliyoitaja, ngoja ucheke. Juzi imekuja bahasha ya kodi ya nyumba. Dale aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kumbe jimbo hili halikukamui mkono wa kulia, linakukamua wa kushoto.

Mwanao,
Maren

*

Faribault
11 Novemba 2018

Mwanangu Maren,

Marahaba. Mimi sijambo.

Nimefurahi kusikia chumba kimepata kazi. Vyombo vya barafu vinataka mahali pakavu.

Theluji ya kwanza imeanguka, sentimita kumi. Maua yangu ya ndani nilikuwa nimeshampa Ardis tangu Septemba kwa sababu zangu, na sasa naona aibu kuyadai, kwa hiyo dirisha la sebuleni liko tupu na mwanga ni mwingi. Gauni mbili za pamba nimezirudisha dukani. Walinipokea vizuri.

Hamna neno.

Mamako

*

Fort Worth
27 Desemba 2018

Mama mpenzi,

Shikamoo, na heri ya Krismasi iliyopita. Kifurushi kimefika. Lefse zako, zile chapati za viazi, zote zilikuwa nzima, laini, ile harufu ya viazi na siagi ilijaa jikoni, na Britt alikula nne kabla sijageuka. Niligeuza sanduku chini juu nikitafuta barua. Nilikung'uta hata karatasi za kufungia. Hamkuwa na kitu.

Jumapili kwenye simu umeniambia kina cha theluji mara nne. Nilipokuuliza habari zako ukasema ni sentimita thelathini na mbili. Mama, kuna nini? Na umesema umerudisha gauni. Gauni gani tena? Wewe gauni za pamba huvai.

Kama kuna nililokukosea niambie. Nina raha huku karibu kwa kila kitu, kazi nzuri, mtoto ananenepa, lakini Krismasi nilipanga sahani nikapanga na yako, Dale akaiondoa kimyakimya akidhani sikumwona.

Niandikie.

Mwanao,
Maren

*

Fort Worth
18 Januari 2019

Mama,

Hukunijibu, na sasa najua kwa nini. Shikamoo. Keti kwanza.

Juzi Bwana Maddox aliniita. Kofia ilikuwa mezani, na kofia ile haivuliwi bure. Tangu tuhamie amepata watu wengi wazuri wa huku, wenye digrii zao, lakini hana hata mmoja wa kuionja ngano kwa jino akakwambia imevunwa siku gani, kama Gerhard. Mwezi uliopita tumenunua mzigo mzima usiofaa hata kwa kuku.

"Maren, hebu niambie," akasema. "Watu wa kwenu niliwakosea nini? Niliwapa mshahara uleule. Niliwalipia kuhama. Wamenikataa usoni, tena wanatabasamu!"

"Hawakukukataa," nikamwambia.

"Walisema hapana!"

"Walisema hapana ya kwanza."

"Kwani ziko ngapi?"

"Mbili. Ya tatu huwa ndiyo."

Alinitazama kama nimemwambia kwetu watu hutembea kwa mikono. "Sasa mtu si aseme tu anachotaka?"

"Akisema tu, ataonekana ana tamaa. Lazima umwombe. Ukimwomba mara ya pili ndipo anajua unamtaka kweli."

"Na ukimuuliza mara moja tu?"

"Basi anajua ulimuuliza kwa adabu, naye anakataa kwa adabu. Anarudi nyumbani kwake. Halalamiki kwa mtu. Anasema hamna neno, na..."

"Na nini?" akauliza.

Mama, barua yako ya Novemba ilinijia yote mbele ya macho. Maua uliyogawa Septemba. Gauni. Hamna neno. Niliomba ruhusa nikaenda chooni, nikalia mpaka binti wa mapokezi akabisha kuuliza kama aite daktari.

Nilikuandikia mwenyewe kuwacheka wenzangu waliongoja kuulizwa. Nikamcheka Gerhard na boti yake. Halafu mama yangu mzazi nikamuuliza mara moja, akanijibu kama alivyonifundisha kujibu, nami nikasema nimejifunza kuheshimu neno la mtu! Nimekaa Texas miezi mitano tu na nimeshasahau lugha ya nyumbani kwetu. Nisamehe.

Bwana Maddox naye nilimrudia, nikamwambia bado hajachelewa, aanze na Gerhard.

Sasa nakuuliza mara ya pili, na ningekuwa na uwezo ningekuuliza kwa kupiga magoti. Njoo ukae nasi. Si kwa sababu ya theluji wala goti. Nakutaka hapa. Nataka nikitoka kazini nikukute umewasha redio na umebadilisha mpangilio wa kabati zangu bila ruhusa. Dale ametoa keekee chumbani, wala hakuambiwa mara mbili.

Mwanao,
Maren

*

Faribault
27 Januari 2019

Mwanangu mpenzi Maren,

Marahaba, marahaba. Natumaini ulishapangusa machozi na yule binti wa mapokezi ametulia. Mimi sijambo kabisa. Goti haliumi hata kidogo, ajabu. Redio inasema wiki hii tutafika nyuzi thelathini chini ya sifuri, na posta inafikiria kufunga.

Huna la kusamehewa. Ungejuaje, na mimi niliandika hapana kwa mkono wangu? Nilikuwa na uchungu, nakiri. Nililifungua na kulifunga sanduku mara nyingi kuliko inavyofaa mwanamke wa umri wangu. Ardis aliponiuliza lini nahamia nilimwambia, "Aliniuliza." Akasema, "Mara ngapi?" Nikainua kidole kimoja, naye akanimiminia kahawa. Hivyo ndivyo watu wa huku wanavyopeana pole.

Kuhusu kuhamia, la, mwanangu. Siwezi. Nakoroma, baba yako angekuwepo angekwambia. Naamka saa kumi na moja alfajiri na kuwasha redio. Halafu Dale ataweka wapi vyombo vyake? (Gereji yenu ina ukuta mrefu upande wa kushoto, nimeuona kwenye picha, unatosha.) Britt atataka nafasi yake akikua, ingawa nasikia wasichana wa miaka tisa hawachukii kulala chumba kimoja na bibi zao. Na cherehani yangu haiingii kwenye sanduku la bluu. Inaingia kwenye lile la kahawia, nimejaribu.

Kwa hiyo hapana, ahsante. Usijisumbue. Narudia, usijisumbue. Mwacha mila ni mtumwa.

Mamako akupendaye

*

Faribault
9 Februari 2019

Mwanangu Maren,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo.

Barua yako ya kuniomba mara ya tatu haijafika. Najua umeiandika, nakujua. Posta ilifunga siku mbili kwa baridi ile na barua zimelundikana, mpeleka barua anasema zitachukua wiki nzima kwisha. Nilikuwa nimekusudia kuingoja. Sasa nikueleze kilichotokea leo.

Kampuni imeuza lile jengo, na leo ilikuwa mnada wa vyombo. Ardis aliniambia twende tukaangalie tu. Mji mzima ulikuja kuangalia tu. Tulijaa pale ukumbini na makoti yetu, na dalali alikuwa mgeni, mtu wa Oklahoma, mdomo wake mwepesi. Akainua kiti: "Nani anataka?" Kimya. Akainua taa: kimya. Kila mtu alikuwa anataka, Maren. Niliona macho ya watu. Lakini nani awe wa kwanza kuinua mkono mbele ya jirani zake? Yule dalali alijipangusa jasho akasema, "Jamani, mmekuja kununua au mmekuja kuzika?"

Kisha wakaleta vyombo vya jikoni kwangu. Likatoka birika langu kubwa la kahawa, lile la vikombe mia, lenye mkono nilioufunga waya mwenyewe. Dalali akauliza mara moja, akatazama huku na huku, akamwambia mwenzake, "Hili tupa kwenye chuma chakavu." Na huyo mwenzake akalishika.

Nikamkumbuka baba yako. Hili sijakusimulia. Aliniposa mara tatu, kama inavyotakiwa, lakini hakuwa mtu wa huku, alitoka Nebraska. Nilipokataa mara ya kwanza, kwa adabu, alinisadiki. Alivaa kofia yake akarudi kwao. Ilichukua miezi minane mpaka dada yake aliyeolewa huku akamweleza arudi aulize tena. Miezi minane, Maren, nami kila jioni nilikuwa dirishani nikisema hamna neno. Tulicheka sana baadaye, miaka arobaini na tano tuliicheka. Leo pale mnadani sikuona cha kuchekesha. Nilitaka arudishiwe miezi yake minane, nami nirudishiwe yangu, nikae naye mezani tu.

Mkono wangu ukapanda. Nikasikia sauti ya mtu ikisema, "Nataka! Hilo ni langu!" Kumbe ni mimi. Ukumbi mzima uligeuka. Ardis akaninong'oneza, "Verna, umepandwa na nini?" Dalali karibu aje kunikumbatia. Dola tano. Na baada yangu, amini usiamini, mikono ikaanza kupanda, mmoja huku, mmoja kule, mpaka viti vyote vikaisha. Gerhard alinunua mizani ya ngano. Anaihitaji, maana Bwana Maddox amempigia simu Jumatatu asubuhi, mchana na jioni. Gerhard anasema hajawahi kubembelezwa mbiombio namna ile, lakini alihesabu, zilikuwa tatu. Anakuja huko Aprili.

Nimerudi na birika kwenye kiti cha mbele, nimelifunga mkanda. Nimekaa jikoni, na hili ndilo ninalotaka kusema kabla sijajirudi. Nataka kuja. Nimetaka tangu barua yako ya Septemba, sentensi ya kwanza. Nyumba hii ni kubwa na naongea na redio. Naogopa joto, naogopa kuwachosha, naogopa kofia ya Bwana Maddox, lakini nataka. Wala siisubiri barua hiyo ya tatu. Ikifika, Ardis ataipokea aitunze pamoja na nyumba na maua yake, mpaka theluji iyeyuke tuone la kufanya.

Nimekata tiketi. Ndege inafika Jumanne tarehe 19, saa nane na robo mchana. Najua ni siku ya kazi, msihangaike kuja uwanjani, nitachukua teksi.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeikata kwa mstari, utaona. Njooni mnipokee. Njooni wote.

Mamako